Mwili ukikaa bure, mawazo yanajaa

Kuna ulizo moja ambalo napewa karibu kila fasi ninapofika na mashine yangu ya kurekodi. Si lile la vita vitaisha lini. Watu wamechoka kuniuliza hilo, wanajua sina jibu. Ni hili: "Muandishi, dawa ya mawazo iko wapi?"

Kwetu hapa Kivu, mtu akisema "niko na mawazo" hasemi kwamba ana mipango kichwani. Anasema kwamba halali, chakula hakipiti kooni, moyo unapiga hata akiwa amekaa, na kichwa kinarudia jambo moja tangu jioni mpaka jogoo anawika. Neno ni moja, lakini ukilisikiliza vizuri utaona kwamba nusu yake ni habari ya mwili. Ndiyo sababu leo sitaandika juu ya kichwa peke yake. Nataka kuandika juu ya miguu, mikono, pumzi na usingizi, kufuatana na yale niliyoyaona kambini.

Mkulima wa Masisi au Rutshuru, kabla ya vita, hakuhitaji mtu wa kumwambia afanye mazoezi. Saa kumi na moja alfajiri alikuwa macho. Alinawa uso, akachukua jembe, akapanda kilima. Jioni aliteremka na mzigo wa kuni au ndizi, akaoga, akala na watoto, akalala kwa sababu mwili umechoka. Siku ya soko ilijulikana, siku ya ibada ilijulikana. Mwili ulijua saa bila kuangalia saa.

Halafu, tangu 2022, familia kwa maelfu zilikimbia zikafika Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, Rusayo. Huko chini ni mawe meusi ya Nyiragongo, makali, hayapokei jembe. Kibanda ni bashi juu ya miti, mtu mrefu hawezi kusimama ndani. Ukiisha kuamka, unakaa mlangoni. Ukiisha kukaa, unangoja: maji, listi ya chakula, habari za nyumbani. Sisi waandishi tulihesabu yaliyopotea: nyumba, ng'ombe, mashamba, ndugu. Lakini mtu alikuwa amepoteza pia siku yake, yaani ule mpango wa kuamka, kutoka, kuchoka na kulala.

Nilianza kuona tofauti kati ya wamama na wababa. Mama aliendelea kuchota maji na bidoni ya litre 20, kufua, kubeba mtoto, kutafuta kuni. Kazi hiyo ni nzito mno, na njia ya kuni imeumiza wanawake wengi, sitaisifu. Wamama walibeba huzuni nyingi sana. Lakini asubuhi walikuwa na sababu ya kusimama. Wababa wengi hawakuwa nayo. Walikaa juu ya jiwe, wakacheza karata, na wengine wakamalizia siku kwenye kanyanga.

Papa mmoja wa Masisi, mkulima wa maharagwe, nilimkuta Lushagala mwaka 2024. Mke wake alinieleza kwamba mzee ameacha kunyoa ndevu, ameacha kuoga, na usiku anakaa macho akiangalia bashi. Yeye mwenyewe alinijibu maneno machache tu: "Nikikuwa na jembe, mawazo haikukuwa inanipata. Huku inanikuta nimekaa."

Baadaye, jirani yake mwenye chukudu alimuomba amsaidie kusukuma mizigo ya makala mpaka sokoni. Malipo yalikuwa kidogo, franka za kununua unga. Lakini ilimbidi aamke mapema, anawe, atoke, asukume, arudi amechoka. Nilipomwona tena hakuwa mtu mwenye furaha. Shamba lake lilikuwa bado mbali, na vita vilikuwa bado vinaendelea. Kilichobadilika ni usingizi. "Sasa nalala masaa ine, tano," aliniambia, kama mtu anayenionyesha mshahara wake. Na mtu aliyelala anaweza kuzungumza na mke wake, anaweza kumkanya mtoto bila kumpiga, anaweza kufikiri kesho atafanya nini.

Nilimuomba muuguzi mmoja anayeshughulikia wagonjwa wa namna hii anifahamishe. Alisema hofu si jambo la kichwa tu. Ukisikia bomu, mwili mzima unajitayarisha kukimbia: moyo unapiga mbio, pumzi inakuwa fupi, misuli inakaza, tumbo linaacha kusaga chakula vizuri. Huo ni msaada. Ndio uliotuokoa njiani. Shida inakuja pale hatari inapopita na mwili haupati habari. Unabaki umekaza miezi na miezi, kama mlinzi ambaye hakuna aliyekuja kumpokea zamu. Na kichwa kinausikiliza mwili. Moyo ukipiga mbio, kichwa kinasema kuna hatari, kinaanza kuitafuta. Hivyo mawazo yanakaza mwili, na mwili uliokaza unaleta mawazo mengine. Moyo huwezi kuuamuru utulie. Miguu na pumzi unaweza.

Kutembea kwa haraka au kulima kunaipa kazi ile nguvu iliyokusanyika. Kutoa pumzi polepole, kwa muda mrefu kuliko ule wa kuivuta, kunapunguza mapigo ya moyo. Mwangaza wa asubuhi unauambia mwili kwamba siku imeanza, ndipo usiku usingizi unakuja kwa saa yake. Kanyanga inafanya kinyume: inakulaza haraka, kisha inakuamsha katikati ya usiku. Shirika la Afya Duniani, OMS, linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo kwa wiki, yaani zaidi kidogo ya dakika 20 kwa siku, na linasema faida yake inafika pia kwenye huzuni na wasiwasi.

OMS hiyo hiyo inakadiria kwamba katika maeneo ya vita, mtu 1 kati ya 5 ana shida fulani ya afya ya akili. Fikiria watu 50 walio kwenye mstari wa robine: 10 kati yao. Kwa hiyo usijione uko peke yako, na usikubali kuambiwa kwamba umerogwa au una mapepo.

Jirani zetu wa Uganda wana mfano ninaoupenda kama mtu wa redio. OMS ilitengeneza mafunzo ya kikundi yanayoitwa Self-Help Plus, na yalijaribiwa na wanawake wakimbizi wa Sudani Kusini. Mwalimu mkubwa ni sauti iliyorekodiwa, pamoja na kitabu cha picha. Moja ya mambo ya kwanza wanayofundishwa ni ya mwili: kukandamiza miguu chini, kujinyoosha, kuvuta pumzi polepole, kuangalia na kusikiliza kilicho karibu nawe sasa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2020, na yalionyesha kwamba waliofuata mafunzo walipungukiwa na msongo kuliko wale ambao hawakuyafuata. Hakuna mashine kubwa ndani yake, na mtu anaweza kufanya hivyo hata chini ya bashi.

Mimi pia mwili wangu ulinifundisha. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia Goma, tulikaa siku kadhaa ndani ya nyumba, umeme na maji vimekatika, watu wakiteremka kuchota ziwani. Vishindo viliponyamaza, masikio yangu hayakunyamaza. Upepo ukigonga lango la bati, nilikuwa naruka. Nikishika mikrofoni, mkono ulitetemeka. Nikaacha kupanda pikipiki kwenda kazini, nikaanza kutembea, karibu dakika 40, njia ileile, saa ileile. Siku za kwanza nilihesabu hatua ili nisifikiri. Baada ya majuma kadhaa nilitambua kwamba nimeanza tena kusikia watu wakinisalimia njiani.

Jambo la pili litawashangaza, maana linatoka kwa mtu anayekula kwa sababu ya habari. Saa mbili ya usiku nazima simu. Zile sauti zinazozunguka kwenye vikundi vya WhatsApp, "wako njiani, wanakuja," nyingi hazina mwenyewe, na zinauamsha mwili saa ambayo unapaswa kulala. Kama kuna hatari ya kweli, jirani atagonga mlango. Habari nyingine itangoje asubuhi.

Lakini tusidanganyane. Mtu ambaye hajakula tangu jana huwezi kumwambia akimbie mbio za mazoezi. Kutembea kunahitaji njia yenye usalama, na si kila mtaa unayo. Jembe halirudishi mtoto aliyekufa. Na kuna hali ambazo zinahitaji mganga wa hospitali: mtu anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, aliyekataa kula, anayesema afadhali afe. Huyo usimpe ufagio, mpeleke. Anza kwenye kituo cha afya cha karibu, uliza kama kuna mtu wa kusikiliza wenye shida za akili. Goma kuna Tulizo Letu, Bukavu kuna SOSAME. Hizo ni hospitali za kazi hiyo. Kumpeleka ndugu huko si aibu, ni sawasawa na kumpeleka mwenye malaria.

Nimeandika haya leo kwa sababu hali imebadilika. Mwezi wa 2 mwaka 2025, kambi zilizozunguka Goma zilivunjwa. Wengine wamerudi vijijini, wakakuta shamba limekuwa pori. Wengine wako kwenye nyumba za ndugu na marafiki mjini, watu kumi katika chumba kimoja na sebule. Huko nakuta tena lile jambo la kukaa mlangoni, lakini kwa namna nyingine: mgeni anaheshimiwa, anaambiwa "kaa tu, papa, pumzika." Mwenye nyumba anafikiri anamhurumia. Mgeni anakaa kwenye kiti tangu asubuhi mpaka mangaribi, na mawazo yanajaa.

Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumezoea kulitumia neno hilo kumsema mgeni mvivu. Mimi, baada ya kuona niliyoyaona, nalisikia kama maagizo ya dawa. Kumpa mgeni jembe ni kumwambia kwamba bado ana mikono, na kwamba bado anahesabika katika nyumba. Kwa hiyo, ninyi mnaopokea ndugu, mpeni kazi inayolingana na umri na nguvu zake. Shangazi mzee achambue maharagwe. Papa ajaze gunia udongo apande lengalenga kando ya nyumba. Kijana aende na bidoni. Msimpe kazi kama mtumishi, fanyeni pamoja naye. Na ninyi wa mashirika mnaoleta unga na mafuta kwa waliorudi vijijini, kumbukeni jembe na mbegu. Mkulima akivipata, anapata pia sababu ya kuamka.

Kwako wewe uliyehama, nakuomba mambo madogo tu, ambayo hayanunuliwi. Amka saa ileile kila siku, hata kama hakuna kazi. Kunja mkeka. Nawa uso, toka nje, acha mwangaza ukupate. Tembea mahali penye usalama, na ukiweza, na mtu mwingine. Chakula kikiwa kidogo, kileni pamoja, kwa saa moja. Usiku moyo ukianza mbio, weka miguu yote miwili chini, toa pumzi polepole mara kumi. Siku ya kwanza hutaona kitu. Jaribu majuma mawili.

Na kama unamjua jirani ambaye haonekani nje tena, kesho asubuhi usimpelekee mashauri mengi. Pita kwake na bidoni mbili, umwambie muende pamoja kuchota maji.