Alipelekwa Akiwa Mzima

Wapo watakaosema kwamba mtu wa umri wangu, mwalimu mstaafu mwenye wajukuu, hana sababu ya kukalia kitako na kuandika juu ya paka. Sitabishana nao, maana zamani mimi mwenyewe ningesema hivyo hivyo. Katika nyumba niliyokulia, paka alikuwa chombo cha kazi kama jembe au ungo. Akikamata panya alisifiwa, akiiba samaki alipigwa, na akifa alitupwa migombani, habari yake ikaisha siku ileile. Lakini tangu Aprili 2018 kuna jambo lililonikaa moyoni, na nimeona bora niliandike kama lilivyotokea, bila kujipamba.

Paka huyo alikuja kwetu kwa sababu ya mbaazi. Mkulima yeyote wa Babati anaukumbuka mwaka 2017. Mbaazi ndizo zilizokuwa zikitulipia karo na kutununulia mabati. Tulizivuna kuanzia mwezi wa saba, wafanyabiashara wakazinunua, nazo nyingi zikaishia India. Agosti 2017 Serikali ya India ikaweka kikomo: mbaazi zitakazoingia nchini mwao kutoka nje zisizidi tani 200,000 kwa mwaka. Huku kwetu bei ikaporomoka kama ukuta uliolowa. Wapo waliouza kwa hasara, na wapo waliokataa. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliokataa. Nikasafirisha magunia yangu kumi na mawili kutoka shambani, upande wa Galapo, nikayapanga katika chumba cha nyuma nyumbani kwangu Bagara, nikisubiri bei ipande. Bei haikupanda. Waliopanda ni panya, juu ya magunia.

Mke wangu akapewa kitoto cha paka na mama mmoja anayeuza dagaa sokoni. Kilikuwa jike, rangi ya maziwa yenye vidoa vya kahawia, na mjukuu wetu, aliyekuwa na miaka saba, alipokiona akasema, "Huyu ni mbaazi." Jina likabaki hilo.

Mbaazi alikua upesi. Kufikia Krismasi panya walikuwa wamehama, na yeye alikuwa amejipatia mahali pake juu ya gunia la mwisho karibu na dirisha. Kutoka hapo aliweza kuutazama mlima Kwaraa ukivaa na kuvua mawingu yake. Jioni nilipokaa barazani kusikiliza taarifa ya habari, alikuja kujilaza juu ya kiatu changu. Si mapajani, bali juu ya kiatu cha kulia. Sikuwahi kumwita. Baada ya miezi michache nilijikuta sivui viatu mpaka habari zishe.

Machi 2018 akaanza kulia usiku. Alijiviringisha sakafuni na kulia kwa sauti kama ya mtoto mchanga, na madume ya mtaa mzima yakakutana juu ya bati letu. Mke wangu akacheka akasema, "Tutakuwa bibi na babu wa paka." Mimi sikucheka, na sababu yake sikumwambia wakati ule.

Nilipokuwa na miaka tisa, bibi yangu alinipa kikapu chenye vitoto vinne vya paka, macho yao hayajafumbuka, akaniambia nivipeleke mtoni. Hakuwa mkatili. Nyumba ilikuwa na watu kumi na mmoja, na chakula hakikuwatosha watu, seuze paka. Nilivipeleka. Paka hubeba mimba kwa muda wa kama miezi miwili tu, na anaweza kuzaa mara mbili au tatu kwa mwaka. Asiyetaka kufanya hesabu hiyo mapema huja kuifanya mtoni, akiwa na kikapu mkononi. Nilijiapia kwamba mjukuu wangu hatabeba kikapu hicho.

Hivyo nikaenda kwa daktari wa mifugo anayefanya kazi zake binafsi hapa mjini. Sitalitaja jina lake, kwa kuwa sina kesi naye. Kazi yake kubwa ni ng'ombe, mbuzi na mbwa, lakini paka pia alikuwa amewahi kuwafunga uzazi. Akanieleza kwamba atampa dawa ya usingizi, atafungua tumbo kidogo, atatoa mifuko ya mayai pamoja na mji wa mimba, kisha atashona. Akasema ni kazi ya kawaida, na kwamba pia humkinga jike na ugonjwa wa usaha katika mji wa mimba, ambao unaweza kumuua paka. Akaniagiza nisimpe chakula tangu usiku.

Jumamosi tarehe 14 Aprili nilimpeleka kwa bodaboda, ndani ya kikapu kilichofunikwa kwa khanga ya mke wangu. Mjukuu alitusindikiza mpaka barabarani. Mbaazi alikuwa na njaa na hasira, akitoa mkono katika tundu la kikapu kunikwaruza. Naueleza mkono huo kwa sababu ndiyo mara ya mwisho nilipomwona akiwa na nguvu zake zote.

Saa nane mchana nilimrudisha. Alikuwa amelegea, macho yamefunguka nusu, ulimi ukichungulia kidogo. Daktari alikuwa ameniambia nimweke mahali penye joto, maana paka aliyetoka katika usingizi wa dawa hawezi kujipasha joto mwenyewe, na nimpigie simu nikiona jambo lolote. Tukamlaza kwenye boksi lenye sweta yangu kuukuu. Saa kumi na mbili jioni mjukuu alimwita, naye akainua kichwa. Nyumba nzima ikafurahi.

Saa tatu usiku mvua ya masika ikaanza. Nilipomtazama, alikuwa ametoka kwenye boksi na kujikokota hadi uvunguni mwa kitanda. Nilimgusa masikio, yalikuwa ya baridi. Nikajiambia, ni ile dawa ya usingizi bado haijaisha. Jirani yetu mmoja, mtu mwenye nia njema, akashauri tumpe robo kidonge cha panado ili maumivu yapungue. Nilikuwa nimekwisha kukivunja kidonge nilipokumbuka kumpigia daktari kwanza. Akapaza sauti: "Usithubutu, Mwalimu! Hiyo kwa paka ni sumu." Baadaye alinifafanulia kwamba ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo kama la binadamu. Damu huharibika, ikashindwa kubeba hewa, na kidonge kimoja tu chatosha kumuua paka mzima. Ndugu msomaji, kama hutakumbuka lingine katika maandishi haya, likumbuke hilo.

Kisha akaniuliza, "Fizi zake zina rangi gani?"

Umeme ulikuwa umekatika. Nikamulika kwa tochi ya simu, nikaufunua mdomo wake. Nikajibu, "Naona zimepauka, lakini mwanga si mzuri."

Akasema, "Mlete sasa hivi. Nakwenda kufungua."

Mvua ilikuwa ikipiga bati kiasi kwamba tulikuwa tukipigiana kelele. Barabara ya mtaani ilikuwa imekwisha kuwa mto. Dereva wa bodaboda niliyemzoea hakupokea simu. Nikamwambia daktari, "Mvua ikipungua kidogo, nakuja."

Basi, ni hilo. Nimeandika aya nyingi ili kulifikia neno hilo. Jirani yangu wa pili ana pikapu, na ningeweza kugonga mlango wake. Ningeweza kujifunika turubai na kutembea, maana si zaidi ya nusu saa kwa miguu. Kama angekuwa mjukuu wangu ndani ya lile boksi, ningetembea. Lakini nilikuwa na aibu, mtu mzima, kumwamsha jirani usiku wa mvua kwa ajili ya paka. Aibu hiyo, wala si mvua, ndiyo iliyoniweka nyumbani.

Mvua ilipungua saa tisa usiku. Nilipomtoa uvunguni tumbo lake lilikuwa limejaa, na fizi zake, hata kwa tochi ile, zilikuwa nyeupe kama karatasi. Nilimweka juu ya mapaja, mahali ambapo hakuwahi kupataka. Akavuta pumzi chache za mbali mbali, kisha akaacha.

Asubuhi ya Jumapili daktari alikuja mwenyewe bila kuitwa. Akaniomba ruhusa amfungue ili ajue. Tukafanya kazi hiyo nyuma ya nyumba, juu ya ubao, wengine wakiwa wamekwenda kanisani. Tumbo lilikuwa limejaa damu. Akatafuta kwa muda, kisha akanionyesha mshipa mmoja na kitanzi cha uzi kilicholegea. Akasema, "Mwalimu, fundo hili nililifunga mimi." Akaniwekea mkononi fedha nilizokuwa nimemlipa, na macho yake yalikuwa mekundu.

Nilizipokea. Hakunikumbusha kwamba aliniambia nimlete. Nami sikusema neno. Nilimwacha aondoke na mzigo wote peke yake.

Mjukuu aliporudi tulimweleza. Alinyamaza kimya, kisha akauliza, "Babu, si alikuwa haumwi?"

Nimefundisha darasani miaka thelathini na minne, na sijapata kuulizwa swali gumu kuliko hilo. Mgonjwa akifa mikononi mwa tabibu, tunasema ugonjwa umeshinda. Huyu hakuwa na ugonjwa. Nilimchukua mzima, kwa uamuzi wangu, kwa ajili ya vitoto ambavyo havijazaliwa na kikapu ambacho yeye hakukijua. Nilisema kwa niaba yake, na yeye hakuwa na mdomo wa kukubali wala kukataa. Jibu nililompa mtoto lilikuwa, "Ndiyo, alikuwa mzima." Sikuwa na lingine.

Wiki ile nilisikia mengi. Wengi walisema, "Paka tu, Mwalimu." Mzee mmoja Mwislamu tunayekaa naye barazani hakusema hivyo. Alinikumbusha kwamba sahaba mashuhuri wa Mtume anajulikana kwa jina la Abu Huraira, yaani baba wa kipaka, kwa sababu ya kumpenda paka wake. "Mtu haaibiki kwa hilo," akasema. Nilishukuru, lakini neno hilo la aibu lilinichoma mahali asipopajua.

Siku ya kumi nilikwenda kwa daktari. Nikamrudishia fedha zake, nikamwambia habari ya pikapu ya jirani. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Hata ungemleta, sijui kama ningemuwahi." Kisha akaongeza, "Lakini hujui nawe, wala mimi sijui. Tutakaa nalo wawili." Tulikunywa chai. Waswahili husema majuto ni mjukuu. Ni kweli, lakini mjukuu huyu akishapata watu wawili wa kumlea huwa mwepesi kidogo.

Baadaye nilisoma kwamba uchunguzi mkubwa uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2008 uligundua kuwa kati ya paka wenye afya waliolazwa kwa dawa ya usingizi, alikufa takriban mmoja katika kila 900. Hesabu hiyo ni ya usingizi, si ya fundo la uzi, na ni ya nchi yenye vifaa kuliko Babati. Lakini lilinigusa jambo jingine humo: vifo vingi vya paka hao vilitokea baada ya upasuaji, si mezani. Maana yake, hatari haiishii unapokabidhiwa kikapu chako. Hapo zamu yako ndiyo inaanza. Nimejifunza kwamba fizi za paka mzima ni za rangi ya waridi, na ukizibonyeza kwa kidole zikaweupeka, rangi hurudi kabla hujahesabu mbili. Nimejifunza kwamba ubaridi, kujificha na tumbo kujaa si usingizi. Na nimejifunza kupanga usafiri wa usiku kabla ya asubuhi ya upasuaji.

Mbaazi niliziuza mwaka uleule, kwa bei ambayo afadhali nisiitaje. Mwaka 2019 tulipata paka mwingine, jike tena. Mke wangu aliniuliza nitafanyaje. Nilimpeleka kwa daktari yuleyule. Nilikaa naye pale mpaka paka akaweza kusimama. Jirani mwenye pikapu nilikuwa nimemwomba tangu jana yake, naye akaniambia, "Mwalimu, hata mwaka jana ungenigongea." Usiku ule nililala juu ya mkeka kando ya boksi, na kila saa niliamka kutazama fizi. Zilikuwa za waridi hadi kulipopambazuka.

Paka huyo yupo mpaka leo, na mjukuu, ambaye sasa ni kijana, hajabeba kikapu kwenda mtoni. Paka hapendi viatu vyangu, hulala dirishani. Mimi bado nakaa barazani na viatu miguuni mpaka taarifa ya habari iishe.