Safari ya Nyamirambo, na chombo cha bibi

Mwezi uliopita nilipata ruhusa ya kutoka kambini siku tatu, nikaenda Kigali kumwona mama mdogo anayeishi Nyamirambo. Nawaletea habari kwa sababu nilijifunza jambo linalotuhusu sote.

Nyamirambo ni mtaa usiolala. Moto zinapita, mafundi wanashona nguo barazani, brosheti zinachomwa kando ya barabara, na Kiswahili unakisikia kila kona. Sisi tuliotoka Kongo hatuhitaji mkalimani pale. Mzee mmoja, jirani ya mama mdogo, alinionyesha msikiti wa Al-Fatah uliojengwa mwaka 1913, wa kwanza nchini. Akaniambia Waswahili walifika wakati wa Wajerumani, wengine askari, wengine wafanyabiashara. Baadaye Wabelgiji wakawatenga upande wa Biryogo, pakaitwa Kambi ya Waswahili.

Nikashtuka. Kumbe hata watu hawa wa mjini, babu zao waliishi mahali panapoitwa kambi! Lakini lugha hawakuiacha, na mwaka 2017 Kiswahili kikawa lugha rasmi ya Rwanda.

Kesho yake mama mdogo akanipeleka kwenye Makumbusho ya Kandt, si mbali na mtaa wake. Ni nyumba ya Richard Kandt, Mjerumani aliyeanzisha mji wa Kigali mwaka 1907. Ndani kuna picha na maelezo ya maisha ya Wanyarwanda kabla ya wakoloni na wakati wa Wajerumani. Maneno ya yule mzee nikayaelewa vizuri zaidi.

Siku ya kurudi nilishuka Huye, maana basi la kuja huku kwetu linapita mbele ya jumba kubwa la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1989. Lina vyumba saba. Niliona majembe ya zamani, mavazi ya ngozi na vikapu vya agaseke. Nilipofika kwenye vyombo vya maziwa, miguu ikaniisha nguvu. Palikuwa na icyansi kama kile cha bibi yangu.

Wapendwa, bibi alikibeba chombo kile kutoka Masisi, akaacha sufuria. Mwaka juzi, chakula kilipopungua nyumbani, mimi ndiye niliyekiuza kwa mtu anayenunua mapambo, kwa bei ya kilo chache za maharage. Sikuuliza hata nani alikichonga. Kile cha Huye kinatunzwa, watoto wanakuja kukitazama. Cha kwetu sijui kiko wapi.

Wengi tunadhani kusaidia makumbusho ni kazi ya serikali na wazungu. Sivyo. Makumbusho yanaishi kwa watu wanaoingia, wanaouliza, na wazee wanaokubali kueleza. Mwaka 2021 jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, liliipa Rwanda nakala za rekodi zaidi ya 4,000 za muziki wa asili. Sauti za wazee zimerudi nyumbani kwa sababu siku moja mtu alikaa akawasikiliza. Sisi tunao wazee hapa hapa, na watoto wetu wengi wamezaliwa kambini, hawajaona kwetu hata siku moja.

Basi naomba mambo matatu. Kwanza, ukipata safari ya Kigali au Huye, na mfuko ukiruhusu, ingia makumbusho na ulipe kiingilio. Hata kidogo kinasaidia. Pili, usiuze kitu cha wazee kabla ya kukaa nao na kuwauliza habari zake. Tatu, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, njooni darasani kwangu na mzee wenu na kitu kimoja: mkeka, kinu, ngoma, hata wimbo. Watoto wataandika jina lake, kazi yake na aliyekitengeneza. Kitu chenyewe mtarudi nacho nyumbani.

Nilipofika, nilimweleza bibi nilichokiona, nikamwomba msamaha. Akanyamaza sana. Halafu akasema, "Kilichongwa na kaka yangu. Chukua kalamu, nikuambie ni mti gani."

Daftari letu limeanza na hilo. Karibuni.

Mwalimu wenu wa kujitolea