Nakala za Akiba, Zamani na Sasa

Nilipoajiriwa mwanzoni mwa karne hii katika kampuni moja ya uwakala wa forodha mjini Mombasa, kazi ya kuweka nakala za akiba za data, ambayo mafundi wote tuliita bakapu, ilikuwa kazi ya mikono zaidi kuliko ya akili, na aliyekabidhiwa dhamana hiyo alihesabiwa sawa na bawabu mwenye funguo za ghala: haulizwi neno maadamu hakuna kilichopotea. Seva yetu ilikuwa moja tu, imewekwa katika chumba chenye kiyoyozi nyuma ya ofisi ya wahasibu, na ndani yake zilikuwamo hati za shehena, ankra za wateja na hesabu za mishahara, mali yote hiyo ikitosha katika kanda moja ndogo ya DDS-4, yenye upana wa milimita 4 na nafasi ya gigabaiti 20, ambayo ukiifumbata kiganjani haionekani.

Kanda hizo zilikwenda kwa zamu, kwa utaratibu wa vizazi uliotumika katika ofisi nyingi duniani. Zile za Jumatatu hadi Alhamisi zilikuwa wana, nazo ziliandikwa upya kila juma. Ya Ijumaa ilikuwa baba, ikakaa mwezi mzima. Na ya mwisho wa mwezi ilikuwa babu, ikapelekwa katika sefu ya tawi jingine, isiguswe tena. Mkuu wangu wa kazi, mzee aliyeanza ukarani zama za mashine za kupiga chapa, hakuniruhusu kuondoka jioni kabla hajaiona kanda imetiwa mahali pake. "Mwanangu," aliniambia zaidi ya mara moja, "andika tarehe kwa wino. Kalamu ya risasi ni ya watoto wa shule." Alfajiri nilipofungua ofisi nilikuta printa imekwisha kutoa ripoti, nami nikaisoma mstari kwa mstari: saa ya kuanza, saa ya kwisha, idadi ya faili, ukubwa wake na makosa yaliyotokea. Ripoti hiyo haikuwa na rangi yoyote, kwa hiyo hapakuwa na njia ya kuifahamu isipokuwa kuisoma.

Hasimu wetu mkubwa alikuwa hali ya hewa. Umeme ulipokatika kiyoyozi nacho kilizima, na joto na unyevu wa pwani, ambavyo mwanadamu huvivumilia kwa kufungua dirisha, kanda haivivumilii.

Matawi ya Nairobi na Malaba yalipofunguliwa na seva zikawa nyingi, tulihamia kwenye Bacula, programu huria ambayo Kern Sibbald aliianza mwaka 2000 na kuitoa hadharani mwaka 2002. Muundo wake ulinipendeza tangu siku ya kwanza: mkurugenzi mmoja anayetoa amri, mtumishi katika kila seva anayezisoma faili, na mtunza ghala anayeziandika kwenye kanda, watatu hao wakisemezana kupitia milango ya mtandao 9101, 9102 na 9103. Kanda nazo zilikuwa zimekua, kwani LTO-3 moja ilichukua gigabaiti 400. Tuliiongoza programu hiyo kwa skrini nyeusi yenye alama ya nyota, tukiandika amri ya kuipa kanda jina, ya kuipakia, ya kurejesha faili. Na kwa kuwa walioyajua maneno hayo walikuwa wachache, kazi iliyodharauliwa ilipata heshima kidogo, nami, kusema kweli, sikuichukia heshima hiyo.

Kwa miaka mingi nakala za matawi zilinifikia kwa diski zilizofungwa katika bahasha na kupakiwa katika basi la usiku. Mikonga ya baharini ya SEACOM na TEAMS ilipofika Mombasa mwaka 2009, na bei ya intaneti ikaanza kuteremka, polepole ikawezekana nakala zenyewe kusafiri kwa waya, na pamoja nazo ukaja mtindo wa kusimamia kila kitu kwa kivinjari. Leo tunatumia Proxmox Backup Server, ambayo toleo lake rasmi la kwanza lilitoka mwaka 2020. Anayeitaka huandika anwani na mlango 8007, na aghalabu jambo la kwanza analokutana nalo ni onyo la kivinjari kwamba cheti cha usalama hakijulikani, salamu ya ajabu kwa chombo kilichokusudiwa kumpa mtu amani. Akishaingia huona maghala yote, kazi za usiku, na nafasi iliyobaki. Data hukatwa vipande, kila kipande kikapewa alama yake ya hesabu, na kipande kilichokwisha kuhifadhiwa hakihifadhiwi mara ya pili. Kwa hiyo hata nakala ya kila saa haijazi diski upesi. Msichana aliyetoka chuoni hujifunza kwa siku chache yale ambayo sisi tuliyahangaikia kwa muda mrefu, na sioni sababu ya kumwonea kijicho.

Lakini mfumo unaoonyesha kila kazi kwa alama ya kijani humzoesha mtu kutazama badala ya kusoma. Fundi mmoja wa nje aliwahi kuhamisha folda ya wahasibu kwenda diski nyingine bila kumwarifu mtu, na kwa majuma kadhaa mfumo ukahifadhi kwa uaminifu mkubwa folda tupu, ukaweka alama ya kijani kila usiku, na haukusema uongo, kwa sababu kazi uliyoamriwa uliitimiza. Tuligundua pale wakaguzi wa hesabu walipoomba tuwarejeshee faili moja ya mwezi uliopita. Ukubwa wa ile nakala ulikuwa umeandikwa papo hapo kando ya alama, baiti chache zisizo na maana, lakini rangi ililiwahi jicho. Tangu hapo kila mwezi tunachagua faili bila mpango na kuirejesha, na mhasibu mwenyewe ndiye anayeifungua.

Jambo la pili ni zito zaidi. Kanda ya babu ndani ya sefu haikuweza kufutwa na mtu aliye ng'ambo. Nakala inayofikiwa kwa kivinjari inaweza. Programu hasidi ya WannaCry, iliyoenea duniani Mei 2017, ilifuta nakala ambazo Windows hujiwekea yenyewe, ikadai fidia ya dola 300. Ndiyo maana ruhusa hugawanywa: yuko wa kutazama tu, yuko wa kuhifadhi na kurejesha vilivyo vyake, na yuko msimamizi anayeweza kufuta. Ofisi nyingi nilizotembelea humpa kila fundi ruhusa ya tatu ili kuepusha usumbufu. Tena kufuta kwenyewe sasa ni wajibu wa sheria, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 hairuhusu habari za mtu kuwekwa kupita haja yake, na wale babu wetu wa milele hawana tena pa kukaa.

Ukurasa huohuo wa kivinjari, tangu toleo la mwaka 2021, unaweza kuiendesha hata mashine ya kanda, nasi tumenunua moja ya LTO kwa nakala za mwisho wa mwezi. Mwenye ofisi akiniuliza achague kipi kati ya kanda na mfumo wa kivinjari, nitamwambia anunue vyote viwili, na ruhusa ya kufuta asimpe yule anayeketi mbele ya skrini kila siku.