Namba ya Simu Si Namba

Leo nataka kusema kitu itakera watu wa kodi. Nasema kodi ya kompyuta, si ile ya landilodi, hiyo tayari inakera kila mtu. Namba ya simu si namba. Namba ni kitu unaweza kujumlisha, kugawa, kutoa wastani. Sasa niambie, ni siku gani umewahi kuchukua namba ya mathe ukaijumlisha na ya fundi wa gesi ukapata jibu la maana? Namba ya simu ni jina, tu limeandikwa kwa tarakimu. Msee akikosa kuelewa hivyo, kuna mtu mahali atalala njaa, na sisemi hivyo kwa kupamba stori.

Hii yote iko ndani ya somo moja ambalo watu hulikwepa kwa sababu jina lake linaogopesha: kuserialaizi data. Niliacha chuo mwaka wa pili, fee ilikuwa imenilemea, lakini C sikuiacha. Na kwa ile miaka miwili tulifundishwa vile strakti inaandikwa, tukafanya mtihani wa strakti, tukapewa maksi za strakti. Hakuna aliyeuliza strakti ikitoka nje ya mashine inakuwaje. Na huko nje ndiko doh iko.

Chukulia unahama. Kitanda chako kimesimama fiti ndani ya singo ruumu yako, lakini hakiwezi kupita mlangoni kikiwa hivyo. Unakifungua, mbao kando, bolti kwa karatasi ya nailoni, unafunga kwa mkokoteni, mkifika nyumba ingine unakiunga tena. Data iko hivyo. Programu ikiwa inafanya kazi, data imekaa kwa memori vile ile mashine inapenda. Ukitaka kuihifadhi kwa faili ama kuituma mashine nyingine, lazima uifungue iwe msururu mmoja wa baiti, na anayepokea ajue kuiunga. Kufungua ndiko kuserialaizi. Shida zote hutokea kwa yule wa kuunga, akipata bolti na hajui ni za wapi.

Ya kwanza ni pointa. Hii mtu wa Eastlands anafaa aelewe kuliko mtu wa mahali popote duniani, kwa sababu sisi tunaishi kwa pointa. Ukiniuliza nakaa wapi siwezi kukupa namba ya nyumba na jina la barabara. Nitakwambia shuka Mutindwa, pita soko, ukifika kwa mama wa mutura kata kushoto, geti ya kijani, uliza watu. Hiyo anwani inafanya kazi vizuri sana, bora uwe hapa, leo. Mtumie mtu ako Kisumu aitumie huko, ataingia kwa geti ya kijani ya wenyewe. Na mama wa mutura akienda ushago hata mimi napotea. Pointa ni hivyo hivyo: inasema kitu kiko mahali fulani ndani ya memori ya hii mashine, wakati huu. Linux hata hubadilisha mahali vitu vinakaa kila programu ikianza upya, makusudi, ndio mdukuzi asikariri. Kwa hivyo ukitupa strakti yenye pointa ndani ya faili vile ilivyo, umehifadhi maelekezo ya mtaa ambao kesho utakuwa umepakwa rangi tofauti. Lazima ufuate pointa, uchukue kile kitu chenyewe, ndio ukiandike.

Ya pili ni mpangilio wa baiti, na hapa kuna kichekesho. Chukua 500, ile noti wazee huita jirongo tangu siasa za 1992. Baiti moja inabeba mwisho 255, kwa hivyo 500 ni baiti mbili: moja ya kuhesabu mafungu ya 256, na ingine ya masalio, yaani 1 na 244. Ndani ya namba ya baiti nne, simu yako na laptopu yako karibu hakika huanza na ile ndogo: 244, 1, 0, 0. Kuna mashine zingine huanza na ile kubwa: 0, 0, 1, 244. Ni kama vile sisi husema ishirini na tano na Mwarabu husema tano na ishirini, na wote wanamaanisha shilingi zile zile. Lakini kompyuta haina akili ya kukisia. Ikipokea zile baiti ikizisoma kutoka upande mbaya, jirongo yako inageuka kuwa 4,093,706,240. Bilioni nne na ushee. Manze, ningekuwa nimehamia Runda.

Ugomvi huu wa nani aanze ulipewa jina na msee anaitwa Danny Cohen mwaka 1980. Alichukua wale watu wa Gulliver's Travels ya Jonathan Swift waliopigana vita kwa sababu ya upande gani wa yai unafaa kupasuliwa. Mitandao ya intaneti iliamua kubwa kwanza. Sun Microsystems wakaja 1987 na mfumo unaitwa XDR, wenye mkataba mkali: kubwa kwanza, na kila kitu kinachukua nafasi ya baiti nne ama mara kadhaa ya nne, hata kama ni kitu kidogo. Unapoteza nafasi, kama matatu kuondoka na viti vitupu, lakini hakuna mtu anabishana. Google nao waliachilia Protocol Buffers kwa umma 2008, ambayo inabana zaidi. Na katikati ya hayo ikaja JSON, ambayo ilisema wacheni baiti, tuandikeni kwa maandishi ya kawaida. 500 inaandikwa tano, sifuri, sifuri. Hakuna upande wa yai. Mtu anaweza kuisoma kwa macho.

Wengi wakifika hapo hudhani vita vimeisha. Ni kweli JSON imemaliza ile ya baiti. Lakini haijakuamulia hiki kitu ni nini.

Sasa ile stori. Kuna chama cha akina mama hapa Umoja, wako 23, kila mmoja 500 kwa wiki, merigoraundi. Hiyo ni 11,500 kwa anayepokea wiki hiyo. Miaka yote wametumia daftari. Halafu mtu akawauzia mfumo: unapata ombi kwa simu, unaweka PIN, inaingia, mfumo unajua ni wewe. Poa sana kwa karatasi. Wiki ya tatu mfumo ukawa unasema hakuna mwanachama hata mmoja amelipa, na doh iko kwa akaunti, yote. Mweka hazina akaanza kuweka alama kwa mkono: niletee mesej ya M-Pesa nione, nikuandike. Wenye simu kubwa wakaonyesha. Lakini kuna mama anauza sukuma, ana kabambe, na kabambe yake mesej zikijaa anafuta zote ndio zingine ziingie. Hakuwa na za wiki mbili. Na wiki iliyofuata ilikuwa zamu yake kupokea. Unajua vile maneno huenda kwa chama. Kufikia Jumapili ilikuwa inasemwa kwamba wacha zamu imruke mpaka mambo yajulikane. Hiyo 11,500 alikuwa ameshaipangia, fee ya shule pamoja na stoki.

Mathe ni mwanachama, ndio nikaitwa. Nilifungua databezi nikaona malipo 69, wiki tatu mara watu 23. Yote yametoka kwa namba moja: 2147483647.

Kama uko kwa kodi, hapo tayari umeshika kichwa. Kama hauko, ngoja nikueleze. Wakati wanachama walisajiliwa, yule jamaa alichukua namba ya simu akaihifadhi kama namba kamili ya biti 32. Ukiandika 07 na kadhalika kama namba, sifuri ya mbele inapotea, kwa sababu kwa hesabu sifuri ya mbele haina kazi. Mtu yeyote amewahi kupanga michango ya matanga kwa Excel ameiona hiyo sifuri ikitoroka. Inabaki milioni mia saba na kitu, ambayo inatoshea vizuri, kwa hivyo wakati wa kusajili kila kitu kilionekana sawa. Lakini majibu ya malipo kutoka Daraja, ile API ya Safaricom, huleta namba ikianza na 254. Sasa si milioni mia saba tena, ni bilioni 254 na zaidi. Ilifika salama ndani ya JSON, hakuna tarakimu ilipotea njiani. Shida ilikuwa inangoja nyumbani: biti 32 zenye alama ya chanya na hasi mwisho wake ni 2,147,483,647. MySQL ikiwa kwa hali yake ya ulegevu haikatai kitu kikubwa kupita nafasi. Inaandika ile kubwa kabisa inayoweza, inaweka onyo mahali hakuna mtu huangalia, inaendelea na maisha. Kuanzia toleo la 5.7 la mwaka 2015 imekuwa ikikataa yenyewe usipoizima. Hapa mtu alikuwa ameizima.

Na ukiwa na 2147483647 huwezi kurudi nyuma. Namba halisi haijafichwa mahali, imekufa. Ni kama kila mama alifika mlangoni na askari akaandika kwa kitabu "mtu mrefu".

Kilichotuokoa ni safu nyingine, ile ya kodi ya M-Pesa. Zile herufi na tarakimu kumi mwanzoni mwa mesej unazijua. Hizo zilikuwa zimehifadhiwa kama maandishi, zote 69, nzima kabisa. Si kwamba yule jamaa alikuwa makini zaidi hapo. Ni vile kodi ina herufi ndani, kwa hivyo haikuwezekana mtu adhani ni namba. Mama wa sukuma akapiga *334#, tukaomba stetimenti, ikaja PDF kwa imeli yangu kwa sababu yeye hana, na malipo yake matatu yalikuwa pale. Nikaziweka kodi kando ya zile za databezi. Zote zikalingana. Wengine tulilinganisha kwa mesej zao, ikachukua jioni mbili na chai nyingi. Zamu haikumruka.

Ile SMS ya M-Pesa, kwa njia, ndiyo ningewapea watu wa chuo kama mfano wa kwanza. Maandishi matupu. SMS moja ni baiti 140 tu, zikipangwa biti saba kwa kila herufi unapata herufi 160. Inasomeka kwa kabambe ya elfu moja na kwa simu ya laki. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007 watu wamekuwa wakiitumia kama risiti, na hawajahitaji programu yoyote ya kuifungua zaidi ya macho. Watu wa kasi watakwambia maandishi ni mazito na ya pole pole. Ni kweli, na kama unatengeneza gemu ama unatuma vipimo milioni kwa dakika, bana tumia za baiti. Kwa pesa ya watu 23 sioni unakimbilia wapi.

Nilichofanya baadaye si kikubwa. Namba za simu zikawa maandishi, nafasi 15, kwa sababu mkataba wa kimataifa wa namba za simu unasema zisizidi tarakimu 15. Zote zinaingia kwa umbo moja la 254, iwe mtu ameandika 07, ama +254, ama zile za 01 zilizoanza kutoka 2019. Nimeona mifumo hadi leo inakataa mtu wa 01, eti namba yako si sahihi. Mtu alikariri kwamba simu ya Kenya huanza na 07, akaiandika kwa kodi, akaenda zake.

Kinachonisumbua bado ni saa. Daraja huleta wakati wa malipo kama tarakimu 14 zilizobanana: mwaka, mwezi, siku, saa, dakika, sekunde. Hiyo nayo iko ndani ya JSON kama namba, na nayo si namba, jaribu kuongeza sekunde 60 uone inakupeleka sekunde gani haipo. Haisemi ni saa za wapi, wewe unafaa ujue ni za Nairobi. Seva ya chama iko Ulaya na imewekwa UTC, masaa matatu nyuma yetu, na ule mfumo ulikuwa unafunga wiki kwa saa ya seva. Kwa hivyo mtu akilipa Jumatatu saa nane usiku, amechelewa, seva inaona bado ni Jumapili na haimtozi faini. Kuna mama mmoja nadhani alikuwa ameshajua.

Hiyo nimerekebisha. Lakini mweka hazina bado ana daftari lake pembeni, na sitamwambia aliache. Juzi nilikuwa nakagua malipo moja. Kwa daftari ameandika saa 2 na dakika 4 usiku. Kwa SMS ni 8:04 PM. Kwa JSON zile tarakimu sita za mwisho zilikuwa 200400, na kumbukumbu za seva zinasema 17:04. Zote nne ni malipo yale yale.