Inapoganda Kimya Kimya

Kompyuta ikikataa kazi halafu ikakuandikia kosa, shukuru. Angalau imesema. Balaa ni ile inayoganda kimya: mshale hausogei, saa ya pembeni imesimama, hata taa ya Caps Lock haiwaki.

Hiyo ndiyo niliyoikuta BTP, Ngara. Shule ilikuwa na laptop moja ya mtumba yenye Ubuntu, na ndani yake alama za maendeleo za kidato cha nne, ambazo zilitakiwa zitumwe kabla ya wiki kuisha. Inastaki mara tatu kwa siku. Ofisini kila mwalimu na dawa yake: virusi, umeme, au ipelekwe kwa fundi Biharamulo ikapigwe Windows upya. Ikipigwa upya, alama kwaheri.

Kwanza tulihamishia alama kwenye flashi. Kisha tukaanza kuuliza maswali. Kinachoendesha Linux ni kerneli, kiini kinachosimamia prosesa, memori na vifaa vyote. Ya kwanza aliiandika Linus Torvalds mwaka 1991, mwanafunzi wa Helsinki mwenye miaka 21, mdogo wangu kwa mwaka mmoja. Kwa hiyo sikuona sababu ya kuiogopa.

Ikiganda, shikilia Alt na Print Screen, bonyeza S, U, B, polepole. Ikijizima na kuwaka, kerneli bado ilikuwa inasikia. Yetu haikusikia. Tukaiwasha, tukasoma kumbukumbu za kabla ya kuganda kwa amri ya journalctl -b -1. Zinakatika ghafla, hakuna kosa. Memtest86+ ikakesha ikipima memori: safi.

Ikabaki daftari. Kila ikiganda tuliandika saa, na nani alikuwa anafanya nini. Siku ya pili jibu likajitokeza: haikuwahi kuganda mtu akiwa anachapa. Ni paredi, chai, mchana. Prosesa ikikosa kazi huingia usingizini ili kutunza chaji, na yetu ilikuwa inazama mno hadi haiamki. Tukaongeza sharti kwenye GRUB la kuizuia isilale usingizi mzito. Chaji inaisha haraka sasa, lakini haijaganda tena, na alama zilitumwa kwa wakati.

Sisi wa ualimu tuna la kuchukua hapa. Mwanafunzi anayekosea kwa sauti tunamrekebisha. Anayekaa kimya tunampa jina: mzito, hana akili. Kumbe Ngara mtoto anaongea Kihangaza nyumbani, msingi amesoma kwa Kiswahili, leo kidato cha kwanza anaulizwa kwa Kiingereza. Ukimya wake una saa zake na sababu zake. Chukua daftari, andika ananyamaza lini, somo gani, lugha gani. Badilisha kitu kimoja, tazama, kisha kingine. Kupiga upya iwe dawa ya mwisho, na kwa mtoto haipo kabisa.