Uwanja wa Ngoma wa Bujora

Sisi tulilelewa Mwanza mjini, hatua chache kutoka ziwani, na starehe ya usiku tuliyoijua ujanani ilikuwa dansi: magitaa, taa za rangi na upepo wa Ziwa Victoria. Ngoma tuliihesabu kuwa mambo ya shamba. Dharau hiyo tuliirithi. Babu yetu alikuwa Mgalu, mchezaji hodari. Alipotaka kubatizwa, mwalimu wa dini alimwamuru achague baina ya ngoma na kanisa. Akachagua kanisa, wala hakutia tena mguu uwanjani.

Yafaa msomaji asiye mwenyeji wa Usukuma aelezwe. Wagalu na Wagika ni vyama viwili vya ngoma vilivyoanza katika karne ya 19, navyo huhusishwa na mabingwa wawili, Gumha na Ngika. Baada ya mavuno hushindana kwa wakati mmoja, kila upande na ngoma zake. Watazamaji ndio waamuzi: huenda kule wanakovutwa, na upande wenye umati mkubwa ndio mshindi. Kwa sababu hiyo viongozi walitafuta dawa za kuvuta watu, na dawa hizo ndizo zilizowachukiza wamisionari.

Padre David Clement, Mkanada ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka, alishika njia nyingine. Katika miaka ya 1950 alianza kazi Bujora, karibu na Kisesa, kiasi cha kilomita 20 kutoka mjini. Alijenga kanisa kwa mfano wa nyumba ya msonge, akakusanya ngoma na vifaa vya watemi, akaiunganisha sikukuu ya Ekaristi na mashindano ya ngoma. Sikukuu hiyo ndiyo Bulabo, maana yake maua. Uwanja uliokatazwa ukawa wa wote, wabatizwa na wasiobatizwa.

Juni 1990, tulipokuwa tumemaliza kidato cha nne, tulimpeleka babu huko. Aliketi juu ya jiwe, kimya, mikono juu ya mkongojo. Wagika walikuwa wameuzoa umati wote. Upande wa pili vumbi lilikuwa limekwisha kutua. Mara mzee akainuka. Akaukata uwanja peke yake, polepole mno, akasimama mbele ya wapiga ngoma wa Kigalu waliokaribia kukata tamaa. Mmoja wao alimtazama, akaongeza mdundo. Nasi, tuliojiona watu wa mjini, tukamfuata.