Ubeti wa Tatu: Tuwakumbuke Waliotutungia Nyimbo



Wapendwa wanaparokia na wasomaji wetu wote, juma hili tumeona vema tuungame kosa letu moja mbele yenu. Lilifanyika hadharani, nalo lastahili kusahihishwa hadharani.

Miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa bado paroko msaidizi katika nyanda hizi za juu za Kigoma, kati ya Kibondo na Kasulu, tulipewa kazi ya kuandaa kijitabu cha nyimbo kwa ajili ya vigango. Fedha ilikuwa kidogo na mashine ya fotokopi ilikuwa mbali, mjini. Basi tukabana. Tulipunguza ukubwa wa herufi, tukaondoa nota za sol-fa, tukakata beti zilizoonekana kurudia maneno. Mwishowe tukafuta na ule mstari mdogo wa pembeni, juu ya wimbo, ambapo huandikwa jina la mtunzi. Tulijisemea kwamba waamini wanahitaji wimbo, hawahitaji jina. Kijitabu kikatoka chembamba na cha bei nafuu, nasi tukapongezwa.

Jumapili moja, baada ya Misa kigangoni, mzee mmoja, katekista mstaafu, alitungoja nje chini ya mkaratusi, kijitabu kile mkononi.

“Baba Padre,” akasema kwa upole, “wimbo huu wa komunyo mmeuimba vizuri sana. Ila ubeti wa tatu mmeuacha.”

Tukamjibu kwamba tuliukata kwa sababu ya nafasi. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyezoea kuelewa sababu za wengine. Kisha akasema, “Hapana neno, Padre. Ila wimbo wote niliutunga kwa ajili ya ubeti ule.”

Tukaketi naye. Akatusimulia kwamba zamani, wakati wa kupanda maharage, alimzika binti yake aliyefariki kwa surua. Jumapili iliyofuata padre hakuwapo, na ilimpasa yeye kuongoza ibada. Alifungua kitabu cha nyimbo asione hata mmoja ambao koo lake lingekubali kuuimba. Akatunga wake. Beti mbili za kwanza zilimshukuru Mungu, kama nyimbo nyingi zifanyavyo. Ubeti wa tatu ulimwuliza Bwana swali ambalo hakuweza kuliuliza mbele ya majirani: je, kilichofukiwa ardhini msimu ule nacho kitaota? Kwaya ya kigango ikaushika kwa masikio, vigango jirani vikaupokea, mwalimu mmoja akauandikia nota. Ndivyo ulivyotufikia sisi, ukiwa na jina lake pembeni. Jina tulilolifuta bila hata kuuliza ni la nani.

Seminarini tulifundishwa msemo unaohusishwa na Mtakatifu Augustino, kwamba aimbaye vema husali mara mbili. Hatukujiuliza sala hiyo aliisali nani kwanza. Wimbo ni sala iliyokwisha kumgharimu mtu mmoja kabla haijawa yetu sote. Biblia yenyewe yalijua jambo hili. Zaburi nyingi zimehifadhi majina juu yake: Daudi, Asafu, wana wa Kora. Hata Zaburi ya 88, iliyo ya giza kuliko zote na inayokwisha bila faraja, inalo jina la Hemani Mwezrahi. Wanakili wa kale walikuwa na ngozi na mafunjo ya thamani kuliko karatasi zetu, wala hawakuona jina la Hemani kuwa hasara ya nafasi.

Tangu siku ile tumejitahidi kujifunza habari za watunzi, nasi twawashirikisha machache.

Kila Noeli twaimba kwa Kiswahili wimbo ule ulioanza kwa Kijerumani kama “Stille Nacht”. Maneno yake yaliandikwa mwaka 1816 na Padre Joseph Mohr, huko Mariapfarr katika nchi ya Austria. Tarehe 24 Desemba 1818, akiwa paroko msaidizi mwenye umri wa miaka 26 katika mji mdogo wa Oberndorf, alimwomba mwalimu wa shule na mpiga kinanda, Franz Xaver Gruber, ayatilie sauti. Usiku huohuo ukaimbwa kanisani kwa gitaa. Wimbo ukasambaa kuliko wenyewe, hata watu wakadhani umetungwa na mabingwa kama Haydn au Mozart. Mwaka 1854 ofisi ya muziki ya mfalme wa Prussia iliuliza huko Salzburg kuhusu asili yake, na Gruber akaandika ushuhuda kwa mkono wake. Padre Mohr alikuwa amekwisha kufa mwaka 1848, akiwa maskini, kabla dunia haijamwuliza neno. Nakala ya wimbo iliyoandikwa kwa mkono wake ilikuja kuonekana mwaka 1995. Ndugu zangu, huyu alikuwa paroko msaidizi kama tulivyokuwa sisi. Yeye alitunga, sisi tulifuta.

Ndugu zetu Waanglikana, ambao makao ya dayosisi yao ya Tanganyika Magharibi yapo hapa Kasulu, huimba misibani “Yesu Kwetu ni Rafiki”, na hakuna Mkatoliki wa huku asiyeweza kuitikia. Maneno yake yalitungwa mwaka 1855 na Joseph Scriven, mtu wa Ireland aliyehamia Kanada baada ya mchumba wake kufa maji. Aliyaandika kumfariji mama yake mgonjwa aliyebaki ng'ambo ya bahari. Yalichapishwa kwanza bila jina lake. Barua ya mtoto kwa mama yake imewafariji wafiwa wa Kasulu, nao wengi hawajui kwamba wanasoma barua.

Hapa kwetu Tanzania, Padre Stephen Mbunga, aliyetunga “Misa Baba Yetu”, alichapisha mwaka 1963 kitabu kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Mwaka huohuo, tarehe 4 Desemba, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati juu ya Liturujia, na katika namba 119 ukaagiza kwamba muziki wa asili wa watu wa nchi za misioni upewe heshima na nafasi yake katika ibada. Mlango ukafunguliwa. Walioingia kwa mlango huo hawakuwa mapadre wasomi peke yao. Waliingia makatekista, walimu wa shule za msingi, wakulima waliojua sol-fa kwa kusikia, na akina mama wasiojua nota hata moja. Wengi wao hawana kitabu chochote. Wana wimbo mmoja au miwili, na ule mstari mdogo wa pembeni.

Mwezi uliopita tumechapisha kijitabu upya. Nota zimerudi, beti zimerudi, majina yamerudi. Kimekuwa kinene, na bei imepanda kidogo. Twaomba radhi kwa hilo tu. Tulimpelekea mzee wetu nakala ya kwanza. Jina lake hatuliandiki hapa, kwa ombi lake mwenyewe: ametaka lirudi palepale lilipofutwa, pasipo kuzidisha. Alipitisha kidole juu ya jina, kisha juu ya ubeti wa tatu, akisoma polepole. Tulidhani atafurahi, na pengine alifurahi. Lakini alifungua ukurasa mwingine akatazama wimbo wa toba ambao juu yake tuliandika “mtunzi hajulikani”.

“Huyu mwenzangu,” akauliza, “mbona hana jina?”

Tukamwambia kwamba tumeuliza kote, hatukupata. Akafikiri kidogo. Kisha akasema kwamba wimbo ule aliusikia mara ya kwanza kutoka kwa katekista Mrundi, katika kambi ya Mtabila, huku kwetu Kasulu.

Kambi ile ilifungwa mwaka 2012, na wengi wa watu wake walirudi Burundi. Tangu mwaka 1972 ndugu zetu Warundi wamevuka mpaka kwa vipindi mbalimbali kuja kwetu, na tangu 1996 Wakongomani wamehifadhiwa Nyarugusu. Walipovuka waliacha ng'ombe, mashamba na makaburi ya wazazi wao. Nyimbo walikuja nazo, kwa kuwa wimbo haupimwi uzito mpakani. Tuliupokea wimbo wa yule katekista tukauimba Kwaresima nyingi, wala hatukumwuliza jina. Huenda yu hai, anaimba katika kilima fulani cha Burundi. Huenda amekwisha kwenda kwa Bwana.

Kwa hiyo twawaomba, wapendwa. Mwenye kujua jina la mtunzi wa wimbo wowote unaoimbwa katika vigango vyetu, alilete parokiani, hata likiwa jina la ubatizo tu. Walimu wa kwaya, msipige fotokopi inayokata pembe ya juu. Ninyi mliowahi kuishi au kufanya kazi kambini, waulizeni mnaowasiliana nao ng'ambo ya mpaka. Nasi, katika Misa ya marehemu wote Novemba ijayo, tutayasoma majina ya watunzi tuliowapata. Kwa wasiojulikana tutaimba nyimbo zao zote, bila kuruka ubeti.

Mungu Mwenyezi, asiyesahau jina la yeyote, awabariki: Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.

Ndimi ndugu yenu katika Kristo,
Paroko